Tiketi Iko Hai, Lakini Iko Mikononi mwa Nani?

Matatu ya kukodi kutoka Wote au Kitui mjini hufika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ikiwa na watu 14, na anayepanda ndege ni mmoja. Waliobaki ni wasindikizaji: mama, shangazi, mjumbe wa chama, mara nyingine mchungaji. Safari ya namna hiyo ikikwama kaunta, karani akabonyeza kompyuta mara mbili na kusema jina hilo hana, kinachopotea ni zaidi ya nauli. Kuna mbuzi waliopelekwa mnadani, magunia ya ndengu yaliyouzwa kabla bei haijapanda, na mkopo wa chama ambao wenzake wamemdhamini.

Visa kama hivi vikitajwa redioni, ushauri humiminika kutoka kila upande, na haulingani. Huyu anasema angalia nembo na tahajia. Yule anasema ingiza namba kwenye tovuti ya shirika, ikikubali umemaliza. Wa tatu anaapa kwamba ajenti mwenye cheti cha IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, hawezi kukuibia. Wa nne anashikilia kuwa ukishaombwa nauli ya kwenda kufanya kazi Ghuba, umeshaibiwa tayari. Kila mmoja wao ana kipande cha ukweli, ila hakuna anayetaja kipande hicho kinaishia wapi. Mtu wa Mwingi au Kibwezi aliyetumiwa PDF kwa WhatsApp saa tatu usiku anabaki na kauli nne zinazovutana na saa chache za kuamua.

(Neno moja kabla ya kuendelea: hapa tutaandika tiketi. Tikiti, kwa mkulima wa Kibwezi, ni tunda.)

## Mkanganyiko ulianzia wapi

Zamani tiketi ya ndege ilikuwa kijitabu. Ilikaa kabatini pamoja na hatimiliki ya shamba, na aliyeipoteza aliipoteza kweli. Kuanzia Juni 1, 2008, IATA iliacha kuwapa mawakala wake karatasi hizo. Tangu siku hiyo tiketi ni maandishi ndani ya kompyuta ya shirika. Kile unachopokea kwenye simu na kwenda kuchapisha saiba ni risiti tu, kivuli cha kitu kilicho mahali pengine. Lakini mazoea hayafi kwa tangazo. Watu bado wanaishika karatasi ile kana kwamba ndiyo yenyewe, na tapeli anafanyia kazi palepale, kwenye pengo lililo kati ya kivuli na mwenye kivuli.

Sababu ya pili ni umbali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Katika watu hao zaidi ya milioni 2 hakuna aliye na uwanja wa ndege wa abiria wa ratiba ndani ya kaunti yake. Ofisi za mashirika ziko Nairobi. Katikati wamejaa mawakala wa mjini, madalali wa kijijini na ndugu wanaomjua mtu anayemjua mtu.

Sababu ya tatu haisemwi sana, nayo ndiyo nzito. Wengi wanaoondoka huku hawanunui tiketi wenyewe. Wanakwenda Saudia, Qatar au Falme za Kiarabu kufanya kazi za nyumbani, ulinzi au usafi, na tiketi huletwa na wakala wa ajira, mara nyingi siku moja au mbili kabla ya safari. Wakala mwaminifu ana sababu zake za kuchelewa: mwajiri halipi nauli mpaka visa itoke, na msafiri akibadili nia tiketi ikiwa imeshatolewa, hasara ni ya wakala. Kwa hiyo mwenendo wa mtu mkweli na wa mwongo unafanana kwa nje. Wote wawili watakwambia, “Subiri, tiketi itakuja,” na wote wawili watakupigia usiku kwamba kesho ni safari.

## Nafasi si tiketi

Kabla ya kuzipima kauli za washauri wetu, hebu tuiweke risiti yenyewe mezani. Tuseme ni ya Nairobi hadi Dubai, ndege KQ 310. Macho ya wengi hukimbilia nembo. Yenye kusema kitu ni mistari minne: jina la abiria, PNR, namba ya tiketi, na hali yake.

PNR ni mkusanyiko wa herufi na tarakimu 6. Inaonyesha kwamba kuna mtu amewekewa kiti. Haionyeshi kwamba kiti kimelipiwa. Ni kama kuwekewa kitenge dukani: mwenye duka amekitoa rafuni na kukiandikia jina lako, lakini pesa hujatoa, na jioni atakirudisha kikauzwe kwa mwingine. Wakala anaweza kufungua PNR kwa dakika tano bila kutoa hata shilingi. Shirika humpa muda wa mwisho wa kulipa, saa kadhaa au siku chache, na ukipita nafasi inafutika yenyewe. Neno “Confirmed” linaloandikwa kando ya ndege hiyo ndilo linalowaponza wengi. Maana yake ni kwamba kiti kimeshikwa. Malipo hayamo katika neno hilo.

Malipo yamo katika mstari wa tatu. Namba ya tiketi ina tarakimu 13, na huzaliwa pale tu tiketi inapotolewa. Tatu za mwanzo ni za shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates, 065 ni Saudia. Risiti yenye PNR bila tarakimu hizo 13, kwa mashirika haya makubwa, ni kitenge kilichowekwa dukani.

Hata hapa kuna vighairi, na asiyevijua atamwita mtu mwizi bure. Mashirika huuziana viti, kwa hiyo ndege ya shirika moja inaweza kuwa na tiketi yenye tarakimu za mwenzake. Tena baadhi ya mashirika ya bei nafuu hayatoi namba ya tarakimu 13 kabisa. Kwao ile PNR iliyolipiwa ndiyo tiketi. Kanuni ya tarakimu 13 ni nzuri, mradi uanze kwa kujua unasafiri na nani.

Ikumbukwe pia kwamba nafasi isiyolipiwa si hatia. Balozi nyingi huomba mpango wa safari kabla ya kutoa visa, na mwombaji mwenye akili hataki kulipa nauli nzima kabla hajajua kama visa itatoka. Mawakala humfungulia nafasi, wakamchapishia, akaenda nayo ubalozini. Karatasi hiyohiyo ikitumwa kwa mama aliyeko Mutomo na maneno “tiketi tayari, malizia salio”, inakuwa chombo cha wizi bila kubadilishwa hata nukta.

## Kauli ya kwanza: ikague karatasi

Hii haitatuchukua muda. Makosa ya tahajia, nembo iliyofifia, saa za ndege zisizolingana na ratiba na jina lisilofanana na la pasipoti ni dalili za kweli, na kuziangalia hakugharimu kitu. Lakini jaribio hili humnasa tapeli mvivu pekee. Mwenye bidii huchukua risiti halali ya abiria mwingine, akabadilisha jina na tarehe, na nembo inabaki safi kama ilivyotoka kwa shirika. Karatasi mbaya ni sababu ya kushuku. Karatasi nzuri haikupi sababu ya kuamini.

## Kauli ya pili: ingia kwenye tovuti

Hii ndiyo kauli inayosikika zaidi, na kwa haki. Unafungua tovuti ya shirika, sehemu ya kusimamia safari, unaandika PNR na jina la ukoo, safari inajitokeza au haijitokezi. Risiti iliyobadilishwa jina huanguka papo hapo, kwa kuwa PNR ile ni ya mtu mwingine. Tapeli wa karatasi hapiti hapa.

Nguvu yake ni kwamba unaacha kuuliza kivuli, unamuuliza mwenye kivuli. Udhaifu wa jaribio hili ni kwamba linakosea kwa pande zote mbili.

Kwanza, linaweza kukataa tiketi halali. Mkamba mwenye majina matatu, tuseme Mumbua, Kyalo na Mutua, hajui kompyuta imelifanya lipi kuwa la ukoo. Akiandika Kyalo ilhali tiketi imesoma Mutua, anajibiwa kwamba safari haipo. Mang'eli huandikwa MANGELI, bila kibainishi. Jina la kwanza hugandishwa na cheo, likasomeka MUMBUAMS, na watu wameshaogopa herufi hizo mbili za mwisho wakidhani wameandikiwa jina la mtu mwingine. Halafu kuna jambo la kiufundi ambalo hata madalali wengi hawalijui: mfumo wa wakala huwa na PNR yake na shirika linakuwa na yake, na pengine hazifanani. Ya wakala ukiipeleka kwenye tovuti ya shirika haifunguki. Dawa ni kumwomba wakala namba ya shirika lenyewe. Mkweli ataitoa kwa dakika moja, maana iko mbele ya macho yake.

Pili, na hili ndilo la hatari, linaweza kukubali kitu kisichofaa. Nafasi isiyolipiwa hujitokeza kwenye tovuti kama kawaida: jina, tarehe, ndege, hata nafasi ya kuchagua kiti. Mtu akiona jina la binti yake kwenye tovuti ya shirika lenyewe hutetemeka kwa furaha na kutuma salio. Siku mbili baadaye muda wa malipo umepita na nafasi imefutika.

Hata tiketi iliyolipiwa haijawa salama. Wakala ana uwezo wa kuibatilisha siku ileile aliyoitoa, kabla hesabu za siku hazijafungwa. Na ikiwa ni ya aina inayoruhusu kurudishiwa pesa, anaweza kuirudisha hadi karibu na safari. Pesa hurudi kwa aliyelipa shirika, naye si wewe. Kwa hiyo mtu anaweza kutoa tiketi ya kweli saa nne asubuhi, akakutumia tarakimu zote 13, ukaikagua mchana ukaikuta hai, ukamaliza deni lako, na jioni akaiua. Kila ulichokagua kilikuwa kweli wakati ulipokikagua.

Namna ya mwisho ya kosa hili ni tiketi za nusu bei zinazouzwa mitandaoni, zilizonunuliwa kwa kadi za benki za watu wengine. Zinafunguka, zina tarakimu 13, zinakaa hai hadi mwenye kadi alalamike. Europol, shirika la polisi la Ulaya, limekuwa likiendesha misako ya pamoja na mashirika ya ndege dhidi ya biashara hii, na abiria wa tiketi hizo hushikwa uwanjani wakiulizwa maswali ambayo aliyeuza hayupo kuyajibu. Bei ya chini peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa zipo nauli maalum za wafanyakazi wanaokwenda Ghuba ambazo ni nafuu kuliko unazoziona kwenye tovuti. Lakini nauli hizo hupitia kwa mawakala wenye ofisi. Haziuzwi na akaunti ya Facebook iliyofunguliwa juzi.

Anayeona tovuti inamchanganya anaweza kupiga simu. Swali lenye maana ni moja: “Tiketi namba fulani, kuponi zake ziko ‘open’?” Kuponi ni sehemu ya tiketi inayohusu ndege moja. Majibu ni machache: iko wazi, imetumika, imebatilishwa au pesa zimerudishwa. Namba ya simu itoke kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Kuna akaunti nyingi za uongo zinazojifanya huduma kwa wateja, na anayelalamika hadharani kwa shirika la ndege hujibiwa na tapeli kabla shirika halijaamka.

## Kauli ya tatu: mjue muuzaji

Wenye msimamo huu wanasema tiketi ni neno la mtu, kwa hiyo mpime mtu. Kwa juujuu ni hoja ya zamani, lakini ukizingatia yaliyosemwa hapo juu, ina mashiko kuliko ilivyokuwa enzi za kijitabu. Kama anayeweza kuiua tiketi ni yule aliyeitoa, basi kumjua aliyeitoa ni sehemu ya kuikagua.

Vigezo rasmi vipo. Wakala aliyeidhinishwa na IATA hutoa tiketi moja kwa moja na hulipa mashirika kupitia mfumo wa pamoja wa hesabu. Akishindwa kulipa, hupoteza haki hiyo, na hilo ni tishio analoliogopa kuliko polisi. Namba yake ya IATA inaweza kuhakikiwa kwa IATA wenyewe. Chama cha mawakala wa safari nchini, KATA, kina orodha ya wanachama. Na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, hutoa leseni kwa kampuni za safari.

Tatizo ni kwamba mnyororo mara nyingi hauishii hapo. Wakala mdogo wa mjini hana IATA. Hununua kwa mkubwa wa Nairobi. Dalali wa kijijini hununua kwa huyo mdogo. Cheti kilichotundikwa ukutani Nairobi hakimfuniki dalali wa Zombe, hata akikitembeza kwenye simu yake kama picha. Anayeuliza “kampuni ina leseni?” ameuliza nusu. Nusu nyingine ni: pesa hizi zinaingia kwa nani? M-Pesa yenyewe humtajia mtumaji jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Jina likiwa la mtu binafsi wakati risiti ina jina la kampuni, hapo unalipa mtu, na leseni ya kampuni haikuhusu tena.

Halafu kuna leseni isiyoandikwa popote, ile ya “ni mtu wetu”. Anasali kanisa letu, alimpeleka binti wa fulani Riyadh, mamake tunamjua. Wachambuzi wa mjini huicheka kauli hii, nadhani kwa haraka. Mtu anayejulikana ana kitu cha kupoteza: ana shamba, ana ukoo, anaweza kuitwa mbele ya wazee. Hiyo ni dhamana ambayo akaunti ya Telegram haina. Ila dhamana hiyo inahusu nia yake tu, na nia si maarifa. Dalali wa kijijini mara nyingi ni mtu wa kwanza kudanganywa. Ametuma majina ya vijana kumi kwa bosi aliyemwona mara moja Nairobi, amelipwa kamisheni ndogo, na siku mambo yakiharibika analia pamoja na wenye watoto. Kumjua yeye ni kumjua shahidi. Aliyeshika tiketi bado hujamjua.

Mfano wa Uasin Gishu unafaa kukumbukwa hapa. Mpango wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada ulibeba jina la kaunti yenyewe, na mwaka 2023 wazazi waliokuwa wamelipa waliandamana wakidai pesa zao. Kama jina la serikali ya kaunti halikutosha kuwa hakikisho, jina la jirani haliwezi kutosha.

## Kauli ya nne: ukidaiwa nauli, huo ni uongo

Kauli hii inahusu wanaokwenda kazini tu, na ina msingi wa sheria. Kanuni za mawakala binafsi wa ajira za mwaka 2016 zinataka gharama za kumpeleka mfanyakazi wa nyumbani, nauli ya ndege ikiwamo, zibebwe na upande wa mwajiri. Upande wa Saudia, mikataba ya wafanyakazi wa nyumbani hupitia jukwaa la serikali liitwalo Musaned, na gharama za kumleta mfanyakazi ni za mwajiri. Kwa hiyo msichana wa Kathonzweni anayeambiwa atafute pesa za tiketi ya kwenda kufanya kazi za nyumbani Riyadh ana jibu kabla hajaiona tiketi.

Uzuri wa jaribio hili ni kwamba halihitaji intaneti, Kiingereza wala PNR. Swali ni moja, na linaulizwa mapema, wakati mbuzi bado wako zizini.

Udhaifu wake uko mahali pawili. Kwanza, kanuni hiyo haiwafuniki wote kwa usawa. Kwa kazi nyingine wakala anaruhusiwa kutoza baadhi ya gharama, na dalali mjanja hubadilisha jina la kazi ili pesa zipite. Pili, matapeli wamesoma kanuni pia. Hawaombi tena “pesa za tiketi”. Wanaomba za vipimo vya afya, za mafunzo, za “faili”, na tiketi inatolewa kama zawadi ya kuthibitisha wema wao. PDF ya tiketi ya bure, iliyotumwa mapema kwa kikundi kizima cha WhatsApp, ndiyo inayowafanya wengine walipe hizo nyingine bila kuuliza.

Ndiyo maana mkaguzi mzuri wa jambo hili huanza kwa wakala wa ajira na kuiacha tiketi mwisho. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, huweka orodha ya mawakala wenye leseni. Leseni huwa na muda, kwa hiyo cheti cha mwaka juzi ni kumbukumbu tu. Mwaka 2014 serikali ilizifuta leseni za mamia ya mawakala kwa mpigo, na zipo fremu za ukutani ambazo hazikuwahi kuondolewa.

## Tiketi ya kweli, safari ya uongo

Kuna upande ambao kauli zote nne hazikuugusa. Zote zinachukulia kwamba hatari ni tiketi kuwa bandia. Wakenya waliojikuta Myanmar, kwenye makambi ya kulazimishwa kuwatapeli watu mitandaoni, walisafiri kwa tiketi halali hadi Thailand. Namba zao zilifunguka, kaunta iliwapokea, kiti kilikuwepo. Septemba 2025 makachero wa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, waliwatoa Wakenya zaidi ya 20 kwenye jengo moja Athi River, mlangoni mwa Ukambani, waliokuwa wakiandaliwa kwenda Urusi kwa ahadi ya kazi huku taarifa za waliotangulia kuishia vitani zikienea.

Katika visa hivyo, tiketi halali ndiyo iliyokuwa chambo. Familia iliyotumia nguvu zake zote kuthibitisha tarakimu 13 ilithibitisha kitu sahihi na kuacha swali lililo kubwa kuliko hilo: huyu anayemlipia mtoto wetu nauli anapata nini, na mkataba wa kazi uko wapi? Visa ya utalii iliyoambatanishwa na tiketi ya kwenda “kazini” ni dalili kubwa kuliko nembo yoyote iliyopinda.

## Pesa zikishatoka

Thamani ya kila jaribio inategemea ni kiasi gani kinaweza kurudi likishindwa, na jibu la huku si la kutia moyo. Aliyetuma M-Pesa kwa namba isiyo sahihi anaweza kuutuma ujumbe wa muamala kwa 456 akaomba pesa zirudishwe, lakini utaratibu huo ulikusudiwa makosa ya vidole; mpokeaji akishatoa pesa hakuna cha kurudisha. Kesi ya kujipatia pesa kwa uongo, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, ina kifungo cha hadi miaka 3, ila kumfunga mtu hakujazi kikapu cha chama. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na ni njia ya haraka kiasi, ilimradi umjue mdaiwa na pa kumpelekea samansi. Simu ya bure ya DCI, 0800 722 203, hupokea taarifa hata kutoka kwa asiyetaka kutaja jina.

Aliyelipa kwa kadi moja kwa moja kwa shirika yuko mahali tofauti kabisa: tiketi ikifutwa, pesa zinarudi kwake, na malipo yenye utata anaweza kuyapinga kupitia benki. Tangu 2022 M-Pesa nayo imekuwa na kadi pepe ya Visa, kwa hiyo hoja kwamba mtu wa kijijini hawezi kununua kwenye tovuti za nje imepungua nguvu. Haijaisha. Kujaza fomu ya shirika kwa Kiingereza, kwenye simu ndogo, mtandao ukikatika katikati ya malipo, ni kazi inayomtoa mtu jasho, na wakala mwaminifu wa Kitui mjini anayepokea nauli kwa awamu tatu anatoa huduma ambayo tovuti haitoi. Anayenunua kwake analipa zaidi kidogo na kuweka ufunguo mkononi mwa mwingine. Kwa wengine hiyo ni biashara nzuri.

## Zikipimwa pamoja

Kwa anayejilipia, mizani inaegemea kwa shirika lenyewe, au kwa wakala mwenye ofisi inayojulikana anayelipwa kupitia paybill ya kampuni, na tarakimu 13 zikatolewa saa ileile pesa zinapoingia. Wakala akidai muda wa shirika unaisha saa kumi, huenda ni kweli. Muda huo huandikwa kwenye nafasi yenyewe, kwa hiyo aonyeshe. Haraka isiyoweza kuonyeshwa imetoka kichwani mwake.

Kwa anayepelekwa kazini, tiketi iwe jambo la mwisho kuangaliwa. Kwanza NEA, kisha mkataba, kisha aina ya visa, kisha ni nani aliyelipa nauli na anatarajia nini. Yote hayo yakiwa sawa, tiketi mbovu ni nadra. Yakiwa na mashimo, tiketi nzuri haiyazibi.

Na kwa wote wawili, tovuti iulizwe mara mbili, kwa sababu jibu lake lina umri wa saa chache tu. Mara ya kwanza ni siku tiketi inapotolewa. Ya pili ni alfajiri ya safari, kabla matatu haijatiwa mafuta: jina la ukoo kama lilivyo kwenye risiti, PNR ya shirika, kisha jaribio la kujisajili kwa safari, ambalo mashirika mengi hulifungua kati ya saa 24 na 48 kabla ya ndege kuondoka. Pasi ya kupandia ikitoka, watu 14 wapande. Isipotoka, shirika lipigiwe simu kuulizwa kuponi ziko katika hali gani, na ikijibiwa kwamba pesa zilirudishwa jana jioni, angalau mtu huyo bado yuko Kitui, zaidi ya kilomita 150 kutoka kaunta, na kituo cha polisi kipo karibu kuliko uwanja wa ndege.